Madigadi ya Kifaru

Mimi si mtu mgumu. Ila ukiniwekea mbele kifaru chenye rangi isiyo yake nitakuambia, na usitegemee nikuambie kwa sauti ya kanisani. Rafiki yangu Lenox, ambaye naye huunda vifaru vidogo vya vita, mwaka jana alipaka kifaru cha jangwani rangi ya sukuma wiki, kisha akaniuliza naonaje. Nilimwambia ninavyoona. Alikaa wiki tatu bila kujibu meseji zangu, na tangu hapo ananiita Mama Usahihi. Jina limenishika na wala sijali.

Jina langu halisi ni Selpher. Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia katika lab ndogo ya ghorofa ya tatu, katikati ya jiji, si mbali na Barabara ya Tom Mboya. Watu huniita daktari, nami huwakatalia. Daktari ndiye anayemwona mgonjwa. Mimi naletewa plasta ya taya na karatasi ya maelezo, halafu narudisha meno. Nikifika nyumbani Riruta naifunua meza yangu na kazi inaendelea ileile, isipokuwa badala ya taya kuna kifaru.

Vifaru hivi huja vipande vipande ndani ya sanduku, vya plastiki, vidogo mara thelathini na tano kuliko vile vya jeshi. Mtu mwingine hufuata karatasi ya maelekezo, akabandika, akafurahi. Mimi siwezi. Kiwanda husahau taa, huweka nati nane palipokuwa na sita, hutengeneza bati nene kama kipande cha mkate. Basi nakata, naparuza, najaza, natafuta picha za zamani, mpaka kile kidogo kifanane na kile kikubwa kilivyokuwa mwaka fulani, mahali fulani. Vifaa vyangu vyote ni vya meno. Hata bati jembamba nalitengeneza kwa ile karatasi ya madini ya risasi iliyo ndani ya pakiti za filamu za eksirei, ambayo kliniki hutupa. Inakunjika kwa ukucha, na ikishapakwa rangi huwezi kuitofautisha na chuma kilichogongwa.

Mwezi wa Agosti alikuja lab mwanamke anayeitwa Cate Ndambuki. Alikuwa anarudisha meno ya chini ya baba yake kwa mara ya pili. Karatasi ya kliniki ilisema yanamwumiza upande wa kulia. Nilikuwa nimeshayaparuza upande wa kulia mara ya kwanza, na niliyaparuza vizuri, kwa hiyo niliyapokea nimenuna. Alipokuwa akingoja, Cate aliona kifaru nilichokuwa nimekiacha rafuni kikikauka. Alikitazama mpaka nikazima mashine.

"Baba alikuwa dereva wa hii kitu," akasema. "Si kama hii. Hii hii."

Haikuwa hiyo, na nilimweleza tofauti zake zote, kuanzia kichwa hadi magurudumu. Alinivumilia. Nilipomaliza aliniuliza kama naweza kutengeneza kile alichoendesha baba yake, kama kilivyokuwa Desemba 1984, na madigadi yake, lile bati la juu ya magurudumu, iliyokunjika. Mzee angefikisha miaka sabini mwisho wa mwezi wa Septemba, na familia ingekutana kwa Cate, Kinoo.

Nikamuuliza madigadi gani. Ndipo akakaa kwenye kiti cha plastiki akanipa habari yote.

Kifaru hicho kilikuwa na kamanda aliyeitwa Lazarus, mtu wa Mumias. Yeye na Mzee Ndambuki walikuwa chanda na pete. Lazarus ndiye aliyesimama na Mzee kanisani siku ya harusi. Siku tatu kabla ya gwaride la Jamhuri, walikuwa wakitoka kambini kwenda kufanya mazoezi, Lazarus amesimama juu, Mzee yuko chini kwenye usukani. Kamanda alitoa amri ya kupinda, dereva akapinda, kifaru kikagonga mlingoti wa lango na madigadi ya mbele ikakunjika. Kilibaki gereji, na gwaride wakaliona kwa televisheni ya kantini. Lazarus alisema dereva amekaidi amri. Dereva alisema amefuata amri kama ilivyotolewa. Kila mmoja aliandika hivyo kwenye ripoti, na tangu siku hiyo hawajawahi kusemezana. Imepita miaka arobaini na mmoja.

Cate alikuwa ameitafuta namba ya Lazarus mpaka akaipata. Alimwalika Kinoo na kumwambia kutakuwa na kifaru chao cha kuchezea. Jibu la Lazarus alikuwa amelihifadhi kwenye simu, akanisomea.

"Nitakuja. Hiyo madigadi ikiwa imekunjwa upande ulikuwa, nitakaa nile. Ikiwa mmeitengeneza vile babako husimulia, nitarudi stage kupanda gari."

Nikamuuliza ni upande gani. Cate akasema ndiyo shida yenyewe. Lazarus alikataa kusema, alitaka kuona. Na Mzee hawezi kuulizwa, kwanza kwa sababu ni siri, pili kwa sababu ukilitaja jina la Lazarus anaacha chakula.

"Baba hasemi, lakini anamkosa sana," Cate akaniambia. "Nataka wakae meza moja kabla mmoja wao hajaenda. Na sasa inategemea bati."

Nilikubali palepale. Sijawahi kupewa kazi tamu kama hiyo maishani mwangu. Watu wengi hudhani usahihi wangu ni ugonjwa, na huyu hapa mtu ambaye usahihi ulikuwa umkalishe baba yake na rafiki yake.

Hakuna sanduku la kifaru kile madukani, angalau sijaliona. Nilichukua kifaru kingine cha Waingereza chenye magurudumu sita kila upande, nikakichinja. Kichwa nilikichonga upya kwa nta, nikakimwaga kwa ile plastiki ya waridi tunayotengenezea fizi, kwa hiyo kwa siku nne kifaru changu kilikuwa na kichwa cha rangi ya ulimi. Magurudumu niliyatengeneza kumi na saba na kuyatupa matano. Nilikuwa na furaha hata nikawa namsalimia mlinzi wa jengo kabla hajanisalimia.

Kuhusu madigadi, nilikuwa na vitu viwili kutoka kwa mama yake Cate. Cha kwanza ni picha, wanajeshi wanne wamekaa juu ya kifaru baada ya ajali. Madigadi ya kulia imefunikwa na turubai, na ya kushoto imekatwa nje ya picha. Aliyepiga picha ile, popote alipo, nina neno naye. Cha pili kilikuwa barua ya Mzee kwa mkewe, ya wiki hiyohiyo. Aliandika kwamba spika za masikioni zilikuwa zimekufa, Lazarus akawa anapiga kelele kutoka juu, "na mimi nilipinda kulia kama nilivyoambiwa, mlingoti ukakunja madigadi upande huohuo."

Barua ya siku zile, kwa mkono wa dereva mwenyewe. Ushahidi wa namna hiyo ukiupata kwa kifaru unashukuru Mungu. Nikakunja madigadi ya kulia kwa ukucha wa kidole gumba, nikaipaka rangi, nikaisugua kidogo mpaka chuma kikaonekana. Ilipendeza sana.

Zikiwa zimebaki siku mbili, meno ya Mzee yakarudi mara ya tatu. Karatasi ikasema kulia.

Hapo hasira zangu zikapanda. Upande wa kulia nilikuwa nimeparuza mpaka ukaona mwanga. Nilimpigia daktari wa kliniki nikamwambia safari hii nataka kuiona hiyo taya mwenyewe, akacheka, akaniruhusu. Ijumaa saa ya chakula nilikuwa Waithaka, nyumbani kwa Mzee Ndambuki, na begi la vifaa.

Nilimkuta mezani. Ni mtu mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Mkewe, Mama Cate, alikuwa amepakua muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na hangenisikiliza habari ya meno kabla sijala. Mzee akapokea meno niliyomletea, akayavaa kwa heshima yangu, akashika kijiko. Alitafuna mara mbili, uso ukakunjana.

"Wapi, Mzee?" nikamuuliza.

"Hapa kulia, daktari. Kulia."

Kidole chake kilikuwa kwenye shavu la kushoto.

Nilifungua mdomo wake nikamulika. Fizi ya kushoto ilikuwa na kidonda chekundu. Ya kulia ilikuwa salama kabisa, tena na nafasi kubwa kwa sababu yangu. Nikamwambia huku ni kushoto. Mzee akautazama mkono wake ulioshika kijiko, akacheka kwa aibu. Ulikuwa mkono wa kushoto. Akaniambia kwamba akiwa darasa la kwanza kule Kitui hakuna mtoto aliyejua Kiswahili, na mwalimu akawafundisha kwa mkato: mkono wa kulia ni ule mkono wa kulia chakula. Watoto wote wakainua wa kwao, naye akainua wa kwake.

"Mwalimu hakuniona, nilikuwa nyuma," akasema. "Mpaka aje kuniona, neno lilikuwa limeshaingia. Nikitulia sikosei. Nikiumia ama nikishtuka, ile ya kwanza ndio inatoka."

Nikamuuliza jeshini alifanyaje. Akasema jeshini haikuwa shida. Amri za usukani zilikuwa za Kizungu, left na right, na alizijua kwa vile vyuma viwili vya kuendeshea, hakukosea hata siku moja. Kisha uso ukamfunga, akasema hata ile siku moja wanayomsingizia hakukosea.

Niliyaparuza meno upande wa kushoto hapohapo kwenye meza yake, akayavaa, akauma muhogo mbichi mbele yangu mpaka mwisho. Mama Cate alipiga makofi. Mimi nilitoka pale nikitembea kama niliyeshinda kura. Spika zilikuwa zimekufa. Lazarus hakusema right, alipiga kelele kwa Kiswahili, na ghafla. Dereva alipinda kwenda ile kulia ya darasa la kwanza.

Jumamosi asubuhi nilipitia lab. Niling'oa madigadi ya kulia, nikaweka nyingine iliyonyooka, nikakunja ya kushoto. Cate alinipigia akiuliza kama kila kitu kiko sawa, nikamwambia sasa ndiyo kiko sawa. Sikumweleza zaidi ya hapo. Nilitaka kuwaona watu nyuso zao, na ukitaka kujua ukweli wangu, nilitaka pia kusifiwa.

Kinoo kulikuwa na hema, mbuzi, kwaya ya mtaa na keki yenye ngazi mbili. Lazarus alikuwa amefika mapema kutoka Mumias. Alikaa kiti cha mwisho karibu na geti, koti limefungwa, begi juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima. Mzee Ndambuki alikuwa ameketi meza ya mbele na hakugeuza shingo kule kabisa. Lakini nilimwona akimtazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa kando.

Nilikileta kifaru ndani ya boksi la keki. Cate akafunua.

Nimeonyesha vifaru vyangu kwa watu wengi, na sijawahi kuona mtu akikipokea kimoja hivyo. Mzee hakukigusa kwanza. Alikizunguka kwa macho, akaanza kutaja majina ya sehemu zake polepole, taa, kamba ya kuvutia, sanduku la spana, kisha akaweka ncha ya kidole kwenye kifuniko cha dereva. "Hapa ndipo nilikuwa nakaa," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya kwaya nzima. Nami nikalia, sina haja ya kuficha.

Lazarus akainuka. Watu wakampisha njia. Alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia bati, begi bado liko kwapani.

"Kushoto," akasema. "Nani amewaambia ni kushoto?"

Mzee akatazama. Nilimwona akiiona madigadi kwa mara ya kwanza, na kidole chake kikatoka kwenye kifuniko.

"Cate," akasema, "mmenifanya mwongo siku ya birthday yangu. Mbele ya huyu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimefikiria bati tu. Nilikuwa na ukweli mkononi tangu Ijumaa, na badala ya kumpa mwenyewe kwanza, nyumbani kwake, kwa siri, niliuweka mezani penye watu ili nionekane hodari. Nilijionea aibu kubwa. Cate alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Lazarus alikuwa amepata alichotaka, lakini hakuonekana mtu aliyeshinda. Nikajua nisiposema sasa, mzee mmoja ataenda stage na mwingine ataingia ndani ya nyumba.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Niulize kitu kimoja tu. Ile siku, Afande alisema right, ama alisema kulia?"

"Alisema kulia. Alipiga kelele, kulia, kulia. Na mimi nikaenda kulia."

"Na jana, ulipouma muthokoi, uliniambia inauma wapi?"

"Kulia," akasema, na mkono wake ukapanda wenyewe kuonyesha.

Ukakaa pale, kwenye shavu la kushoto. Mzee hakuushusha. Alisimama ameshika shavu, macho yakitazama mbali, nikajua anakiona kile kiwanja cha kambi, na lango, na mlingoti ukija. Kisha akageuka, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na mmoja, akamtazama Lazarus usoni.

"Afande," akasema, "mimi nilienda kulia yangu."

Lazarus alikuwa anautazama ule mkono.

"Miaka minne nimekula na wewe sahani moja," akasema. "Kila siku ukinigonga kiwiko, kwa sababu unakula na hiyo mkono. Na sikuwahi fikiria." Akavua miwani. "Na mimi sheria ilikuwa niseme left na right. Niliona huo mlingoti nikaogopa, Kizungu yote ikatoroka. Hiyo sikuandika kwa ripoti."

"Mimi niliandika wewe ni mwongo."

"Na mimi niliandika wewe ni mkaidi."

Hakuna aliyejua kama acheke au aombe. Mama Cate ndiye aliyetuokoa. Alisema kutoka nyuma ya sufuria kwamba yeye miaka hii yote alidhani Lazarus alikuwa anamwambia mumewe alie, kwa vile alirudi nyumbani Krismasi ile akilia. Kicheko kilianzia kwake, kikampata Cate, kikapita kwaya, na wale wazee wawili wakawa wa mwisho kukipata, lakini wao ndio waliochelewa kuacha. Mzee alicheka mpaka meno ya chini yakacheza, akayashikilia kwa kidole. Lazarus aliangusha begi lake kwenye nyasi. Kila mmoja alikuwa akijaribu kusema sentensi moja na mwenzake akimkatiza, kuhusu lango, kuhusu gwaride, kuhusu kantini, kuhusu nani alimwona nani akifuta machozi mbele ya televisheni.

Nilitaka kuondoka kimya kimya. Mzee akaniona, akaniita daktari, nami kwa mara ya kwanza sikumsahihisha. Aliniambia nisithubutu kuigusa hiyo madigadi, ibaki hivyo hivyo. Nilimwomba msamaha tena, akanipungia mkono kama anayefukuza nzi.

Chakula kikaletwa. Cate alikuwa amepanga Lazarus akae na wageni wa mbali, lakini baba yake akasogeza viti mwenyewe, akavuta kimoja tupu, akapangusa makombo kwa kiganja.

"Afande, kuja ukae hapa," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Hapa, kulia kwangu."

Kiti alichokuwa amekishika kilikuwa upande wa kushoto. Watu wakashika vicheko vyao, wakangoja. Lazarus hakumrekebisha. Alizunguka meza akaja kukaa pale pale, akavuta sahani karibu, na walipoanza kula kiwiko cha Mzee kikamgonga kwenye mbavu.